Nilimsingizia Bi Harusi kwa Bei Niliyoiandika Mwenyewe

Ndugu zangu, mwenye kosa ni mimi. Si mtandao, si kompyuta, si yule dada. Mimi! Sitaji jina langu kwa sababu hapa Sydney Waswahili tunajuana, na aibu niliyonayo inanitosha.

Mimi ni Mtanzania. Mchana napanga mizigo kwenye ghala huko Wetherill Park, jioni nasomea kompyuta. Kuna mama mmoja Mkenya, nimwite Mama Zawadi. Anafanya kazi ya kuhudumia wazee, na siku zake za mapumziko anashona magauni ya vitenge kwenye gereji ya nyumba yake, Lidcombe. Nilipofika nchi hii sijui hata kupanda treni, yeye ndiye aliyenipokea. Miezi mitatu nilikula na kulala kwake.

Basi aliponiomba nimtengenezee duka la mtandaoni, nilifurahi mno. Alitaka mteja wa Kisumu aone bei kwa shilingi za Kenya, wa Mwanza aone shilingi za Tanzania, wa hapa aone dola. Mimi kwa kupenda sifa nikaongeza na sarafu za kidijitali.

"Vijana siku hizi wanalipa hivyo, mama," nikamwambia.

Akacheka. "Hayo mimi siyajui, kijana wangu. Bora tu bei isidanganye mtu."

Mwanzoni bei zilikuwa zinajibadilisha zenyewe kila siku, kwa huduma niliyoiunganisha kwa majaribio ya bure. Majaribio yakaisha. Siku hiyo nimetoka shifti, nimechoka, nikaingiza viwango vya kubadilisha pesa kwa mkono. Nikasema kesho nitarekebisha. Jamani, kesho hiyo ilichukua wiki tano!

Kwenye shilingi haikuonekana sana. Lakini ile sarafu ya kidijitali iliporomoka thamani hadi nusu, na duka langu likaendelea kuonyesha idadi ileile ya sarafu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hapo ndipo alipokuja Rehema, bi harusi wa Mwanza. Aliagiza magauni manane ya wapambe wake, ya zambarau. Utaratibu wa duka ni kulipa nguo zikiwa tayari. Mama Zawadi akashona, akamaliza. Mchumba wa Rehema hulipwa kazini kwa sarafu hizo, kwa hiyo Rehema akalipa kwa sarafu, kiasi kilekile alichokiona kwenye skrini. Hakupunguza hata chembe.

Tulipozibadilisha kuwa dola siku hiyohiyo, Mama Zawadi akashika kichwa.

"Mbona ni nusu? Huyu amelipa nusu! Nieleze."

Nilijua palepale. Ningesema tu, "Mama, nimekosea," yangeisha. Badala yake nikasema: "Huyo dada ni mjanja, mama. Ameichezea tovuti. Matapeli wa namna hiyo ni wengi."

Maneno yalinitoka kirahisi hivyo!

Mama Zawadi akamrudishia malipo yake, akamwambia atafute fundi mwingine. Zilikuwa zimebaki siku kumi kabla ya harusi. Kisha akaandika kwenye grupu la mtandaoni la akina mama Waswahili wa hapa, na jina kamili la Rehema: jihadharini na huyu. Kwenye grupu hilo yumo shangazi yake bwana harusi, anaishi Smithfield. Hata siku haikuisha, habari ikawa imefika Mwanza.

Rehema alipiga simu analia. Nilikuwepo, simu ikiwa kwenye spika.

"Mama, nimelipa kilichoandikwa. Nimekuibia nini mimi?"

Mama Zawadi akanitazama. Nikatazama cherehani. Akaniuliza kwa ishara, na mimi nikamnong'oneza: "Wote husema hivyo."

Ee Mungu wangu, nisamehe!

Harusi ilifanyika. Wapambe walivaa nguo za kuazima, kila mmoja rangi yake. Yale manane yakabaki yananing'inia gerejini, na mimi nikawa napita katikati yake kila nikienda pale.

Wiki tatu baada ya ile simu ya Rehema nilikuwa nakula kwa Mama Zawadi. Akaomba kabla ya chakula, na kwenye maombi yake akamtaja Rehema, Mungu ambadilishe moyo aache wizi. Nikaitikia amina. Nikaanza kulia kama mtoto, nikasema yote.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea!

"Wiki tatu nimekuwa nikimpeleka mtoto wa watu mbele za Mungu kama mwizi," akasema polepole. "Na wewe unaitikia amina. Maliza chakula chako, uende. Uniachie ufunguo wa gereji."

Aliomba radhi kwenye grupu. Alijitaja yeye mwenyewe kuwa ndiye aliyekosea. Mimi hakunitaja. Magauni aliyatuma bure. Tangu hapo hapokei simu zangu.

Nilimpigia Rehema. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Asante kwa kusema, kaka. Lakini mama mkwe wangu aliniuliza ukumbini, mbele ya wageni, kama mimi ndiye tapeli wa Australia. Mweleze yeye."

Akampa simu. Nikajieleza kwa adabu zote: shikamoo mama, kosa ni langu, bei niliiandika mimi, mkweo hana hatia.

"Amekulipa shilingi ngapi useme hivyo?" akauliza yule mama. Akakata simu.

Wewe unayesoma, kama umekosea kazini leo, sema leo, kabla hujaulizwa! Kufokewa kutapita, hata kazi utapata nyingine. Lakini usimtupie mtu asiye na kosa ukidhani utamsafisha baadaye. Mimi nimejaribu. Nasema ukweli mtupu sasa, na hakuna anayeuamini kama walivyouamini uongo wangu.