Tulipoacha Dizeli Tukawasha Maganda ya Alizeti

Siku yangu ya kwanza kiwandani, Singida mjini, Fundi Mkuu alinisimamisha mbele ya boila, tangi la chuma la kuchemshia maji. Mvuke wake ndio uliopasha mbegu za alizeti kabla ya kukamuliwa, maana mbegu baridi hutoa mafuta kidogo. "Boila likipoa, mama, kiwanda kimelala," akaniambia.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Viwanda vya watu binafsi vilichipuka, kila kimoja kikiwania alizeti ya mkulima. Boila letu lilitumia dizeli. Msimu mmoja, katikati ya mavuno, dizeli ikaadimika. Mikokoteni kutoka vijiji vya Mtinko na Ilongero ikajaa uani, wakulima wakasema wanahamia kwa jirani. Wangeondoka, sisi wafanyakazi tungerudishwa nyumbani.

Nyuma ya ghala kulikuwa na kilima cha maganda ya mbegu. Mashudu, masalia ya kukamua, wafugaji waliyagombania. Maganda hayakuwa na mwenyewe. Fundi Mkuu, aliyeanzia kazi kwenye injini za mvuke za reli, akapendekeza tuyachome.

Mwenye kiwanda alikataa. Kwake, kuwasha takataka ilikuwa kurudi nyuma. Tena aliogopa mafuta yatanuka moshi, wanunuzi wa Dar es Salaam wayarudishe.

"Unataka kiwanda changu kiwe jiko la mama ntilie?"

"Jiko la mama ntilie linawaka, bosi. Lako limezimika."

Tukainamisha vichwa tusionekane tunacheka. Akaruhusu jaribio moja.

Mafundi wakatoa kichomeo cha dizeli, wakajenga tanuru la matofali chini ya boila. Kutia maganda ikawa kazi yangu. Nilirundika mno, moto ukazibwa. Nikaanza kuyatawanya kidogo kidogo, mvuke ukapanda, mafuta yakatiririka. Mwenye kiwanda akachota kikombe, akanusa, akanusa tena, akanipa na mimi. Hayakunuka; moshi ulikuwa umetoka nje kwa bomba lake bila kugusa mbegu. Akatoka uani.

"Shusheni magunia," akawaambia wakulima.

Nikakaa palepale juu ya maganda.

Sasa nimestaafu. Wenye viwanda waliosikia habari ya boila lile hunijia wakiulizia sola, na upepo ambao Singida hatuukosi. Wakisita, vijana wanaofunga mitambo hiyo huwaona wabishi. Mimi naona hofu tu, ya kiwanda kusimama wakati mzigo wa mkulima uko mlangoni. Kwa hiyo siwahubirii. Nawapeleka kwenye kiwanda ambacho tayari kimebadilisha nishati, tunakaa tangu asubuhi mpaka jioni, mashine zikizunguka. Wengi, tukiwa njiani kurudi, huniuliza fundi aliyefunga mitambo ile anapatikana wapi.