Mkuyu Uliobusiwa

Juzi, kwenye monasteri ya kwetu Ngara, nilimsikia mwongoza wageni akisema kwamba wakimbizi waliubusu mkuyu wa uani kwa imani. Utotoni hata mimi niliona hivyo. Alasiri moja mama aliyevuka kutoka Burundi, mtoto mgongoni, alikuwa amebandika mdomo kwenye shina, kama sisi tulivyobusu msalaba Ijumaa Kuu. Ua mzima ulinuka utomvu. Mtoto wake hakulia kabisa. Nilidhani ana adabu.

Mlinzi akamvuta yule mama kwa kanga, akamchapa fimbo.

“Mbuzi wenyewe tunawafukuza hapa, sembuse wewe.”

Yule mama alipogeuka, alikuwa bado anatafuna.

Kovu la meno yake lipo kwenye gome mpaka leo. Juzi wageni walipanga foleni, wakalibusu mmoja mmoja.