Upepo wa Pembeni Kutulo

Niliondoka Garissa kwa sababu moja: binti yangu Habiba alikuwa amejifungua Kutulo, na homa ya uzazi ilikuwa imemshika. Habari ililetwa kwa redio ya polisi. Ilikuwa wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini, barabara imetegwa mabomu, na msafara wa malori haukujulikana utaondoka lini. Ndege ndogo ya kukodi ilikuwa inapeleka dawa huko. Nikapewa kiti, nikaambiwa kesho yake itarudi na mgonjwa. Ndege nyingine haikutarajiwa karibuni.

Asubuhi, kiwanja cha Garissa. Askari walipekua mzigo wangu, wakamwaga hata sukari. Abiria mwenzangu alikuwa Abdi, mchuuzi wa ng'ombe, mtu wa maneno mengi. Nilikaa nyuma tu ya rubani, Mzungu aliyezaliwa nchini, Kiswahili chake kikavu lakini cha kueleweka.

Tulipoipita Wajir, rubani aliachia usukani akafungua chupa ya chai. Mikono yote miwili! Nikampiga begani.

"We! Shika chombo!"

"Kimeshikwa, mama. Kuna mtambo unakiongoza."

"Una macho huo mtambo?"

"Hauna. Unashika njia tu."

Abdi akacheka. "Hooyo, mama yangu, hata ngamia wako anajua njia ya kisimani bila wewe."

"Ngamia wangu hajawahi kuniangusha kutoka mawinguni."

Rubani akanywa chai yake. "Huku juu upepo umetulia, mtambo unauweza. Karibu na ardhi upepo hauna adabu. Huko nashika mwenyewe."

Sikumwamini. Nilisoma dua zote ninazozijua, nikaanza upya.

Adhuhuri, juu ya Kutulo. Vumbi lilikuwa linakimbia kukata kiwanja, na kile kifuko cha kitambaa kinachoonyesha upepo kilikuwa kimenyooka kama mkono wa mtu. Rubani akazima mtambo, akashika usukani. Tukashuka. Tulipokaribia kabisa kugusa, upepo ukainua bawa moja, nikaona miiba dirishani pangu. Injini zikanguruma, tukapaa tena.

"Nitajaribu mara moja tena tu," akasema bila kugeuka. "Nikishindwa tunarudi Wajir. Mafuta hayaruhusu zaidi."

Mabati ya Kutulo yakapita chini yetu. Chini ya mojawapo ya mabati hayo alilala mwanangu, nami ninapita kama ndege wa angani.

Mara ya pili, pua ya ndege haikuelekea kiwanjani. Ilielekea pembeni, upepo unakotoka.

"Wallahi anatupeleka vichakani!" Abdi akapiga kelele. "Bwana, kiwanja kiko huku!"

Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuinuka nimpige rubani tena. Ndipo nikamkumbuka mwenye mtumbwi wa Masalani, mto Tana ukijaa. Huelekeza mtumbwi kule maji yanakotoka, nayo yakamrudisha chini, akafika ng'ambo palepale alipotaka. Mkono ule nikamkamatia Abdi shati.

"Nyamaza. Mwache afanye kazi."

Kabla tu ya kugusa, rubani akainyoosha pua. Gurudumu moja likapiga, kisha la pili. Nikamwachia Abdi shati.

Jioni, kwa Hawa, jirani aliyemuuguza Habiba. Mwanangu alikuwa wa moto kama jiko, lakini hai, na mtoto wa kiume ubavuni.

"Tuliisikia ndege ikienda zake," Hawa akaniambia. "Binti yako akageukia ukutani."

"Na iliporudi?"

"Akaomba maji."

Alfajiri tuliondoka, kabla jua halijaamsha upepo. Kichwa cha Habiba kilikuwa mapajani pangu, mtoto kifuani. Kule juu rubani akaachia usukani.

"Hooyo, ameachia!" Habiba akasema.

"Mwache. Wakati wa kuogopa nitakwambia."

Garissa ilipoonekana, rubani akashika. Sikumwambia Habiba. Nilitazama mikono ile mpaka magurudumu yaliposimama.

Habiba alitibiwa Garissa, akapona. Nilichojifunza ni hiki: mtambo uachiwe njia iliyotulia, lakini pa kugusia ardhi awepo mtu aliyeshika. Yule mtoto sasa ana ndevu na hupanda ndege kubwa. Majuzi alinicheka.

"Ayeeyo, bibi yangu, siku hizi mashine inatua yenyewe."

"Hata upepo mkali ukitoka pembeni?"

Akasema hajui. Kisha akauliza mimi nimejulia wapi mambo ya ndege.

"Ulikuwamo," nikamwambia. "Ulilala njia nzima."