Jaruba Nililolipigia Picha

Katika maandiko yote niliyowahi kuweka kwenye blogu yangu, lililosomwa kuliko mengine linafundisha namna ya kujenga jaruba la mpunga ambalo tuta lake halibomolewi na maji. Bado linasomwa, ingawa si kwangu tena. Jaruba lenyewe halipo. Pale sasa ni mashimo, na mwenye mashimo hayo ni mdogo wangu wa kike, mjane, ambaye mtandao hajawahi kuufungua hata siku moja.

Nilianza kuandika uzeeni, baada ya kustaafu ukarani wa stoo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Kabla ya pamba, nilipomaliza kidato cha nne na kukosa pa kwenda, nilichimba dhahabu Nyarugusu kwa miaka sita. Nalitaja hili mapema ili msomaji asinionee huruma nisiyoistahili. Mimi jiwe nalijua.

Nyumbani kwangu Nyahanga, hapa Kahama, siku zilikuwa ndefu. Mke wangu alishafariki, watoto wana makwao. Niliandika kuhusu pamba ya zamani, kuhusu kuku, kuhusu adabu za vijana, na msomaji wangu wa kudumu alikuwa mmoja tu, mwenye steshenari ya jirani, mtu wa Tanga aliyehamia Kahama kwa biashara. Naye alisoma kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele yake.

"Mzee wangu, hili ni andiko au ni barua ya kuomba kazi?" aliniuliza siku moja, akiisogeza simu mbali na macho. "Aya moja ndefu kama mkeka wa msikitini! Nani ataimaliza?"

"Anayetaka kujua."

"Hayupo huyo. Watu hawasomi siku hizi, wanapitisha macho. Wewe wawekee pa kushikia."

Akachana karatasi, akanichorea. Chagua swali moja ambalo mtu analo kweli, siyo matano. Panga mifupa kwanza, nyama baadaye, na kila mfupa uupe kichwa chake kidogo. Tia picha ya kitu chenyewe, siyo ya kuokota. Ukimaliza usikae nalo, lipeleke walipo watu. Na yeyote atakayeuliza, mjibu, kwa kuwa anayejibiwa hurudi, na hurudi na wenzake.

Yalikuwa mafundisho mazuri. Sina lawama naye hata kidogo.

Swali nililolichagua lilikuwa la matuta, kwa sababu msimu uliotangulia mvua ilibomoa matuta ya watu wengi. Ila jibu sikuwa nalo. Alikuwa nalo mdogo wangu, aliyelima mpunga kwenye mbuga moja ya mkoa wa Geita kwa zaidi ya miaka ishirini, kumi ya mwisho bila mume. Kijiji sikitaji. Nilishakitaja mara moja, inatosha.

Nilikaa kwake siku mbili na daftari. Alinitembeza juu ya matuta, matope yamemfika magotini, akinicheka ninavyoyumba.

"Kaka, karani umezoea sakafu. Kanyaga kwa kisigino."

"Niambie hili lako kwa nini halivunjiki."

"Tuta halivunjwi na maji mengi," alisema. "Linavunjwa na maji yaliyokosa mlango. Wenzangu wanaongeza udongo juu, juu, juu. Mimi nimeyapa maji mlango, nikaupanga mawe, yanatoka bila kula tuta. Halafu chini nasawazisha mpaka maji yakisimama yawe sawa kama maziwa kwenye kibuyu. Huko kusawazisha peke yake kumenila misimu minne."

Mawe ya ule mlango, yeye na marehemu mumewe waliyang'oa kwenye kipande cha mwinuko juu ya shamba. Nilitaka picha yake akiwa amesimama pale pale kwenye mlango wa maji.

"Subiri nijifunge vizuri basi. Watu wa Dar wamwone Msukuma na matope yote haya?"

"Matope ndiyo wanayoyataka."

"Basi wape, mimi ninayo ya kutosha."

Niliinama kutafuta pembe nzuri, na hapo nikaliona. Karibu na mguu wake wa kushoto kulikuwa na jiwe jeupe lenye mishipa ya kutu, limetoboka toboka kama jino bovu. Nililishika. Lilikuwa zito kuliko ukubwa wake. Nililirudisha mahali pake, nikajiambia mawe ya namna ile yamejaa mkoa mzima na mengi hayana kitu, jambo ambalo ni kweli. Nikapiga picha. Ningeweza kusogea hatua mbili kulia, jiwe lisionekane. Ila kulia jua lilikuwa linakuja usoni, na picha isingependeza.

Andiko lilinichukua wiki nzima. Nilipanga mifupa mitano kwenye daftari, nikaugeuza wa tatu kuwa wa kwanza, nikaufuta wa tano. Nilikata maneno niliyoyapenda. Maneno ya mdogo wangu niliyaweka karibu yote, maana yalikuwa bora kuliko yangu, lakini jina lake sikuliweka wala sikusema ni ya mtu. Nilipofika mahali pa kumtaja niliandika "uzoefu unaonyesha", kana kwamba mgongo ulioinama kwenye tope misimu minne ulikuwa wangu. Mwenye steshenari aliposoma alinipa mkono. "Sasa umeandika," alisema, na maneno hayo mawili yalinilevya.

Nililipeleka kwenye makundi mawili ya wakulima kwenye simu. Siku tatu nzima lilisomwa na watu wachache, wengine wakaweka alama ya makofi bila kulifungua. Ndipo nikakumbuka makundi ya wachimbaji, ambayo wenzangu wa zamani wa Nyarugusu na Rwamgasa walikuwa wameniingiza, makundi yenye watu wengi wasiolala. Nilijiambia wachimbaji nao wana mashamba. Kwa kweli nilitaka namba ipande. Nikalitupa humo lote, na picha yake juu.

Namba ikapanda. Nilikuwa naifungua simu kila baada ya dakika chache kama mtu anayechungulia sufuria. Maoni yakaanza.

"Mzee umetisha."

"Mzee achana na mpunga, umekalia utajiri."

Halafu likaja la tatu, la heshima: "Shikamoo mzee. Hilo jiwe karibu na mguu wa mama limetoka hapo hapo au lililetwa kutoka mbali?"

Mkulima haulizi hivyo. Nilielewa papo hapo kilichokuwa kinaulizwa, kama ambavyo ningeelewa nikiwa na miaka ishirini na mitatu, ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, nikiwa na taa kichwani. Niliiweka simu mezani. Nilimimina chai, nikaiacha ipoe. Watu wengine wawili walikuwa wameshaongeza chini yake, "Tunasubiri jibu mzee wetu." Mzee wetu. Tangu nistaafu hakuna aliyekuwa amesubiri jibu langu juu ya chochote.

Nikajibu, na kwa ukamilifu, kama nilivyofundishwa. Mawe ni ya hapo hapo, kwenye mwinuko juu ya shamba. Nikaandika kijiji, nikaandika daraja la kuvuka na njia ya kushika, na mwisho nikaongeza, ili wasipotee: uliza majaruba ya mjane, kila mtu anayajua.

Siku ya nne mdogo wangu alinipigia kwa simu ya jirani yake.

"Kaka, shikamoo. Kuna wageni hapa wanasema umewatuma wewe."

"Wangapi?"

"Nimeacha kuhesabu."

Alinisimulia kwa sauti ya kawaida. Walitangulia wawili kwa pikipiki, wakaomba maji ya kunywa, akawapa. Wakang'oa mawe mawili kwenye mlango wa maji, wakayaponda kwenye kinu cha chuma, wakaosha unga wake kwenye karai, mmoja akapiga kelele. Kesho yake wakawa themanini. Sisi huku tunaita rashi, pale dhahabu inaposikika mahali papya na watu wakaikimbilia kama nzige.

Nilipofika, jaruba la juu lilikuwa limeshakwisha. Maturubai yalikuwa yamesimama juu ya tuta, mtu anauza chapati pale nilipopigia picha, na maji yaliyokuwa sawa kama maziwa yalikuwa yametoroka kwenda kwenye mashimo. Wachimbaji waliponitambua walishangilia.

"Mzee wa blogu huyo! Mpisheni!"

"Mzee umetutoa, Mungu akuzidishie!"

Mmoja alinipa ndoo nikalie. Kiongozi mmoja aliyekuja kuandikisha watu alikuwa anamweleza mdogo wangu, kwa upole, kwamba juu ni pake lakini chini ni pa serikali, na kwamba yeye kama mwenye shamba atapata mgawo wake wa mifuko ya mawe. Mdogo wangu alisema, "Wabeja, baba," akamshukuru kweli, kisha akarudi kwenye kitalu chake.

Nilimfuata. Miche ya mpunga ilikuwa imebakiza siku chache kupandikizwa. Alikuwa anaing'oa na kuifunga mafungu, awape majirani ambao bado walikuwa na pa kuipanda.

"Uliwaambia njia?" aliniuliza bila kuinuka.

"Waliuliza."

"Waliuliza mpunga?"

Yeye ndiye mtu pekee aliyeniuliza swali juu ya andiko lile ambaye sikumjibu.

Dhahabu ile ilikuwa ya juu juu. Haikumaliza miezi miwili. Walichimba mwinuko, wakachimba majaruba yote sita, wakasikia habari za mahali pengine, wakaondoka na maturubai yao. Mifuko ya mdogo wangu ilisagwa kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, na haikutoa kitu cha kumtosha hata kufukia shimo moja. Mashimo hayafukiki kwa jembe. Mvua iliyofuata niliona kwa macho yangu maji yakishuka kutoka mwinukoni, yakifika pale ulipokuwa mlango wake, yakiingia ardhini yote.

Andiko nililifuta. Lakini watu wenye blogu kubwa kuliko yangu walikuwa wameshalinakili, wakaweka majina yao kama mimi nilivyoweka langu. Mdogo wangu bado amesimama humo na matope yake, akifundisha watu asiowajua kuyapa maji mlango.

Sasa amekodi majaruba mawili kwenye kijiji cha mbali kidogo. Mwezi uliopita nilimfuata huko na jembe langu begani. Alinipigia magoti, akasema shikamoo kama kawaida, akanipikia. Nilimwomba msamaha, kwa maneno niliyoyaandaa njia nzima.

"Nilikusamehe siku ile ile, kaka. Kula, ugali unapoa."

Nikamwambia basi nitabaki, nimsaidie kupandikiza, mgongo bado unaweza. Aliangalia mlangoni kwanza, kuona kama kuna anayepita.

"Usije shambani," alisema. "Mwenye mashamba aliponikodisha aliniuliza kama mimi ndiye dada wa yule mzee. Nikasema ndiyo. Akasema, sawa, ila yeye asikanyage."

"Mimi ningeinama tu kupanda, kama watu wengine."

"Ndiyo hivyo, kaka. Wewe ukionekana umeinama kwenye shamba la mtu, kesho watakuja na sururu."

Hakuwa na hasira. Aliniongezea mboga. Nilikula nikamaliza, nikanawa, nikachukua jembe langu na kuondoka kwa barabara kubwa, ambayo ni ndefu, lakini haipiti kando ya shamba la mtu.