Kijiko Kilichonirukia Ukweni

Aibu hii ni yangu, na naisimulia mwenyewe maana nikiwaachia watu wa Isevya wataitia chumvi, na tayari imekolea. Mimi nakusanya sarafu kuukuu za Amerika Kusini, zile za shaba, nikeli na chuma ambazo siku hizi hata kwao hazinunui kiberiti, na Tabora nzima sijaona wa kunizidi (wala wa kushindana nami, ila hayo tuyaache). Nyingi nazipata Mtendeni kwenye makopo ya wauza vyuma chakavu, na huwa natembea na sumaku ya spika mbovu ili nijue ipi ni chuma na ipi siyo. Sarafu na sumaku, vyote nimevishonea kimfuko cheusi chenye kamba.

Siku ya kwenda kujitambulisha kwa kina Mwajuma, mshenga wangu alinitazama akasema, "Hicho kimfuko kiache nyumbani." Nikamjibu kwamba tukitoka huko napitia Mtendeni, nikakitia mfuko wa shati, tukaenda.

Tumekaa, shikamoo zimeitikiwa, mzee ameanza kunipenda kabisa, mara shangazi yake Mwajuma akainama kunipa chai na kijiko kikaruka kutoka kwenye kisosi kikaning'ang'ania kifuani. Nikakivuta, kikatoka na kimfuko chake, kamba inaning'inia.

"Bismillahi," shangazi akasema, akarudi nyuma na chai yake. "Kaka, huyu kaja na hirizi."

Mzee akaweka kikombe chini. "Kijana, hapa hatuozeshi mtu aliyekuja na kinga."

Mshenga akaangalia dari. Mwenye akili angeomba radhi, mimi nikamwaga kila kitu mkekani nikaanza somo, ya Argentina ikairukia sumaku, ya Peru ikatulia, nikaeleza kwa nini, nikapaza na sauti, mpaka shangazi akasogea kuuliza yule mnyama kwenye ya Peru ni ngamia au kondoo. Sarafu hiyo nilikuwa nayo moja tu.

Mwajuma akasema kutoka nyuma ya pazia, "Baba, aiache hiyo ya mnyama. Asiporudi kwa ajili yangu, atarudi kwa ajili yake."

Mzee akacheka, akachukua tena kikombe chake.

Nikarudi, tukaoana. Nimeapa sumaku haiingii tena ukweni, hata shangazi akiiomba kutafutia sindano zake (na ameshaiomba). Sarafu yangu Mwajuma ameifunga kwenye pindo la khanga, na kila nikiomba kuiona ananiuliza nilirudi kufuata nini, nami, kwa ujuzi wangu wote, bado nachelewa kujibu.