Komando na Ile Pneu Njiani

Harufu ya kapenta, dagaa wakavu wa kwetu, haina adabu. Juzi ilitoka ndani ya mfuko wangu wa shule, humo nilimokuwa nimebeba kapenta za mama, katikati ya somo la kemia, wakati mwalimu ametaja jina langu niende ubaoni. Darasa zima likageuka kunitazama kana kwamba nimeoza tangu jana. Nikasema ni manukato mapya kutoka Kilwa, kule ziwani. Wakacheka hadi madawati yakalia. Lakini chini ya dawati vidole vyangu vilikuwa vimejikunja, kama vimeshika kamba.

Kamba yenyewe ni ya zamani: nilikuwa na miaka tisa. Komando, mbwa wetu, alikuwa kijana wa miezi minane, masikio makubwa kuliko akili. Kila alasiri tulikwenda pamoja kuchota maji kwenye pampu, na kila alasiri tulipita mbele ya karakana ya seremala, walipolala mbwa watatu wa rangi ya kutu, bila mnyororo. Waliinua vichwa kutoka kwenye maranda, kimoja kimoja, taratibu, kama watu wanaochagua nyama buchani. Nawaambia ninyi kwa sababu mtatunza siri: niliwaogopa hata nikiwa kanisani.

Binamu yangu Fiston, aliyejua kila kitu na kufeli kila mtihani, alinipa dawa. "Imbwa ikikula pilipili inakuwa mukali. Zile tatu zitakimbia zenyewe."

Nikachanganya pilipili kwenye bukari, ugali wa Komando. Siku mbili alikunywa maji yote niliyochota na kuyatoa kwa haraka nyuma ya jikoni. Ukali haukuja, zilikuja kelele tu. Alipowaona wale watatu alibweka hadi miguu ya mbele ikaacha ardhi. Wakamjibu kwa meno. Mmoja alimpasua sikio. Mwingine alipita karibu sana na mguu wangu, nikasikia pumzi yake ya moto kwenye goti. Kidumu kilimwagika. Kaptula nayo ililowa, lakini si kwa maji ya kidumu.

Papa, baba yangu, hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alitazama sikio la Komando, akatazama mguu wangu.

"Akianza tena vita na zile imbwa, siku ya Mungu namupa chauffeur wa Kasomeno. Sitazika mutoto juu ya kelele ya imbwa."

Ilikuwa Jumatatu, na dereva huyo wa lori la Kasomeno aliondoka kila Jumapili. Usiku huo nililala mkono wangu ukiwa juu ya shingo ya Komando, nikihesabu siku.

Kesho yake miguu ilinigomea kabla hata ya karakana. Mama Zaina alikuwa barazani kwake ng'ambo ya njia, anashona. Familia yake ilitoka Maniema, Waislamu, na mate ya mbwa yakigusa kitenge chake ilimbidi akifue kabla ya kusali. Ndiyo maana mama yule alikuwa amepima umbali wa mbwa vizuri kuliko alivyopima viuno vya wateja.

"We toto! Ile imbwa haiko mukali. Iko na woga."

"Iko komando, Mama Zaina."

"Komando ya wapi, na mukia chini ya tumbo? Na weye mwenyewe njo unamwanzisha. Hajaona kitu, umekwisha kuvuta kamba. Anasikia shingo inabanwa, anajua kifo kimefika." Akaelekeza mkasi kwenye pneu, tairi kuukuu lililozikwa nusu kando ya njia. "Anabwekaka akifika pale. Mbele ya kufika pneu ananyamaza tu. Simama mbele ya kufika. Akiziangalia bila kubweka, mupe kitu ya kukula. Na mubaki kule kule, musiniletee ile pua!"

Nikaiba kapenta jikoni. Jumanne na Jumatano tulisimama kabla ya kuifikia pneu: anatazama, ananyamaza, kapenta moja. Alhamisi hatua moja zaidi. Ijumaa mbili, na kaptula yangu ikanuka kama soko zima.

Jumamosi papa alikuja nyuma yetu na kidumu chake. Tulipofika kwenye pneu, yule mkubwa wa wale mbwa watatu aliinuka, akajikung'uta maranda, akaja njiani. Manyoya ya mgongo wa Komando yakasimama. Mkono wangu wote ulitaka kuvuta. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kufungua vidole. Kamba ikalegea, ikagusa vumbi. Nikazunguka mbali, upande wa baraza. Komando alimtazama yule mbwa. Kisha akautazama mfuko wangu wa kapenta.

"Huku hapana!" Mama Zaina akapiga kelele, akivuta kitenge.

Kurudi papa alinibebea kidumu. Siku ya Mungu lori liliondoka kwenda Kasomeno na magunia yake tu.

Miaka yote nilisimulia kwamba nilimfundisha mbwa kunyamaza. Juzi tu, darasani, kicheko kilipoisha na mwalimu bado ananingoja na chaki mkononi, nikaelewa kelele zile za Komando zilianzia wapi: kwangu. Sikujua jibu hata nusu. Niliuogopa ubao kama Komando alivyowaogopa wale watatu. Na mzaha nilikuwa nimeutupa kabla mwalimu hajasema lolote zaidi.

Komando alijifunza kwa wiki moja. Mimi niko mwaka wa tano wa sekondari, na bado nabweka.