Nilivyokwenda Kwenye Usaili kwa Gari la Maiti

Nimewahi kupanda gari la maiti nikiwa mzima, viatu vya kuazima miguuni, jeneza ubavuni.

Jeneza lilikuwa tupu. Nasema mapema ili usikimbie.

Siku hiyo nilikuwa na usaili saa tatu kamili asubuhi. Kazi: kuandika ujumbe wa Kiswahili kwenye kampuni ya teksi za simu. Yale maneno mafupi yanayokutokea kwenye kioo cha simu: dereva wako amefika, bei imepanda kidogo. Kumbe kuna mtu analipwa kuyaandika. Na alikuwa anayaandika vibaya.

Mimi nina stashahada ya lugha. Nilikuwa nimekaa nayo nyumbani miaka miwili. Mama aliitia kwenye fremu, akaitundika juu ya jokofu, kisha akaacha kuitazama.

Mvua ilianza alfajiri. Saa moja na nusu nikafungua programu ya teksi, ya kampuni ileile iliyoniita.

Jana yake safari hiyo ilikuwa bei ya kuku mmoja. Sasa ilikuwa kuku watatu, na mmoja wao jogoo.

Nikasubiri ishuke. Ikapanda.

"Acha kuichungulia chungulia," mama akasema. "Ikijua una shida inakukomoa."

"Mama, hii ni simu tu."

"Na mimi ni mama yako tu. Ifunge."

Nikaifunga. Nikaifungua. Kuku wanne.

Mabasi yalikuwa yanapita bila kusimama. Kutembea ni mwendo wa saa mbili, na barabara ilikuwa mto.

Hapo nikamwona jirani yetu anafuta kioo cha gari lake la kazi. Ni dereva wa gari la maiti. Mtaani tunamwita Mzee Taratibu, maana hajapiga honi tangu apate leseni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona umevaa kama shahidi wa mahakamani?"

"Nina usaili mjini saa tatu. Teksi hazishikiki."

Akatazama viatu vyangu. Akatazama mvua.

"Napeleka jeneza hospitali. Mwenye nalo anachukuliwa saa nne. Njia ni hiyohiyo, panda."

Mbele alikuwa amekaa mke wake, anapelekwa kliniki ya miguu.

"Nyuma kuna benchi la wafiwa," mama huyo akaniambia. "Kulia si lazima."

Nikauliza nauli.

"Nipe ya basi," mzee akasema.

"Hata kwenye mvua hii?"

"Binti, bei ya gari hili haipandi. Mtu akifiwa umeshamkuta chini. Utamwongezea nini?"

Tukaondoka. Mwendo wa kobe, lakini kobe aliyeachiwa njia. Magari yalisogea pembeni. Trafiki alisimamisha makutano mazima kwa ajili yangu. Mwanamume mmoja alivua kofia mvuani, akainamisha kichwa.

Nikampungia mkono.

Hakufurahi.

Tulipofika kwenye kampuni, mlinzi alifungua geti lote na kusimama wima kama mlingoti. Wafanyakazi walitoka mmoja mmoja, wakapanga mstari kimya. Nikasikia mtu ananong'ona, "Ni nani? Mhasibu? Jana si alikuwepo?"

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Nikashuka.

"Habari za asubuhi," nikasema. "Nimekuja kwenye usaili."

Dada wa mapokezi akakaa chini. Hakukuwa na kiti.

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi. Tuliitwa watu sita. Niliyefika ni mimi peke yangu. Wengine watano walipiga simu: teksi bei mbaya.

Bosi alikuwa mtu mpole mwenye simu mbili na kalamu moja.

"Umefikaje na mvua hii?"

Nikamsimulia yote. Jirani, benchi, kobe. Nikamaliza na maneno ya mzee, kwamba bei ya gari lile haipandi. Nilitaka nionekane najua kusimulia.

Bosi akaacha kuandika.

"Haipandi kabisa?"

"Kabisa."

"Naomba namba yake."

Nikadhani na yeye hana usafiri wa kurudi nyumbani. Nikampa. Kwa roho nyeupe.

Kazi nikaipata. Mama akafuta vumbi kwenye fremu, akaanza tena kuwaonyesha wageni.

Mwezi wangu wa nne kazini bosi akaniita.

"Tunazindua huduma mpya. Magari ya misiba. Wazo lilitoka kwako, hongera."

Mezani kulikuwa na picha ya gari ninalolijua hadi mikwaruzo. Mzee Taratibu amesimama mbele yake, kavishwa fulana ya kampuni inayombana tumbo. Namba niliyoitoa ilimfikisha bosi kwa mwenye gari, na mwenye gari akasaini. Mzee hakuulizwa.

"Na bei?" nikauliza.

"Kama magari mengine. Mvua, foleni, wingi wa wahitaji."

"Wahitaji wakiwa wengi, bosi, maana yake watu wamekufa."

"Ndiyo maana nataka uandike kwa heshima. Usizidishe maneno kumi."

Nilikaa na karatasi mchana kutwa. Ningeweza kukataa. Nikaikumbuka ile fremu juu ya jokofu, na mama anavyonyoosha kidole akiwaambia wageni, huyu sasa ana kazi. Kwa hiyo nikaamua kumtia bosi aibu kwa werevu. Nikaandika sentensi mbili, uchi kama zilivyozaliwa:

Pole kwa msiba. Bei imepanda.

Niliamini akizisoma atajisikia vibaya.

Akazisoma mara mbili.

"Safi," akasema. "Fupi."

Wiki iliyofuata mvua ilirudi. Nikatoka na mwavuli, nikamkuta mzee anafuta kioo, fulana mwilini.

"Shikamoo, mzee. Unapita mjini?"

"Marahaba. Napita." Hakufungua mlango. "Ila nikikubeba bila simu kujua, kazi sina. Ngoja tuone inasemaje."

Akaminya minya, akanigeuzia kioo. Kuku watano. Juu ya bei kulikuwa na maneno yangu, nukta zake mahali pake.

"Jana nilimsomea mjane mmoja maneno haya," akasema. "Aliniomba nirudie, alidhani nimekosea kusoma. Wewe si uko hukohuko? Nani kaandika hivi?"

Mvua ikapiga mwavuli wangu.

"Sijui, mzee," nikasema.

Nikaenda kwa miguu. Saa mbili nzima. Viatu safari hii vilikuwa vyangu, na vililowa vyote viwili.

Wewe unayesoma, ukibebwa na mtu mwema siku ya mvua, mshukuru, shuka, nenda zako. Ukiulizwa umefikaje, sema umefika.